Aliyekataa Kulilia Tunda

Kichwa cha Beldina kilianza kumuuma wiki ile ile walipomzika mwanawe Joram, au tuseme walipozika kile walichokizika, maana kiini cha mambo kiko hapo na hakuna haja ya kukizunguka.

Joram alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Alitoka ufuo wa Dunga, pale Kisumu, asubuhi moja na wenzake wawili kwenda kutoa nyavu, upepo ukawakuta katikati ya ghuba, mtumbwi ukapinduka. Wenzake walipatikana wakielea, wamekufa. Yeye hakupatikana. Wavuvi walipekua matete ya pwani yote, wakauliza hata kwenye visiwa, wakarudi mikono mitupu. Mtumbwi wenyewe ulirudi mzima. Ulipakwa lami upya, ukapewa watu wengine, na samaki wake wakaendelea kuletwa kwa Beldina naye akaendelea kuwakausha kwa moshi, kwa kuwa nyumba ilikuwa bado inakula.

Sasa, Wajaluo hawamwachi mtu wao bila kaburi. Ziwa likimchukua mtu likakataa kumrudisha, wazee hukata tunda la mti wa yago, lile refu na zito ambalo ukilipakata unadhani umepakata mtoto mchanga, wakalivika nguo za marehemu, wakalilaza ndani ya jeneza na kulizika nyumbani kama mtu. Watu hulia, watu hula, mambo huisha. Ni desturi ya heshima, na huenda imewaponya wengi. Lakini Mzee Ogola, baba yake Joram, alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa lake lilikwisha kutangaza kwamba habari za yago ni ushenzi. Akawa kati ya moto na maji. Mwishowe alifanya kama wanavyofanya wakubwa wengi wanaotaka kuwaridhisha watu wote: akalizika tunda, akasema ni mtu. Jeneza lilipigiliwa misumari kabla mchungaji hajafika, ikatangazwa kwamba mwili uliokotwa ukiwa umeharibika na haufai kutazamwa. Mchungaji akaomba juu ya misumari ile. Alijua. Kijiji kizima kilijua, kuanzia aliyekata tunda hadi aliyebeba sufuria za ugali.

Benta, dada yake Mzee Ogola, ndiye aliyelivika lile tunda shati la bluu la Joram. Alilifunga vifungo vyote hadi juu, kana kwamba lina shingo, na Beldina alisimama mlangoni akitazama vidole vya wifi yake vikihangaika na kifungo cha mwisho.

Jeneza liliposhushwa, wanawake walipaza sauti kama inavyopasa, kisha wakanyamaza kidogo ili kumpisha mama mwenye mtoto. Beldina hakulia. Alikaza taya, akatazama udongo ukiingia shimoni, na macho yake yakabaki makavu kama omena waliosahauliwa juani. Wanawake walitazamana. Mama gani huyu?

Alikuwa na sababu zake. Mwaka ule Uganda ilikuwa imeharibika, na mtumbwi wowote uliosukumwa na upepo hadi upande ule, watu wake walikamatwa wakaambiwa ni majasusi. Wengine walikaa korokoroni wee, kisha wakatokea nyumbani wamekonda, hawana kucha, lakini wazima. Kwa nini Joram, akiokotwa na mtumbwi mwingine, asiwe mmoja wao? Na Beldina alijua vilevile kwamba mtu aliyekwisha kuzikiwa yago hana ruhusa ya kurudi. Akija, hafunguliwi. Wanasema si yeye, ni kivuli chake, wanamfukuza na moto. Basi Beldina akajitungia sheria yake mwenyewe, ambayo hakufundishwa na mzee yeyote: maadamu mama hajamlilia, mtoto hajafa, na siku atakayosimama langoni, yuko mtu mmoja wa kumfungulia.

Ndipo kichwa kikaanza. Kikafuatwa na moyo uliopiga mbio akiwa ameketi tu, na moto uliopanda kutoka tumboni hadi kooni, na usingizi uliomhama kabisa. Chakula kikawa udongo mdomoni. Alipunguka hadi kanga ikawa inamzunguka mara mbili. Akawa mgeni wa kila wiki katika zahanati iliyokuwa kwenye barabara ya Nyamasaria.

Zahanati ile ilikuwa na benchi refu, dirisha la dawa, na dresa mmoja aliyeitwa Wepukhulu, mtu wa Bungoma aliyehamia Kisumu tangu ujana akazoea samaki wa ngege kuliko kuku wa kwao. Alikuwa mcheshi na alipendwa. Elimu yake ya magonjwa haikuwa na kona nyingi. Aliyeharisha alipewa chupa ya dawa nyeupe. Aliyekohoa alipewa chupa ya dawa nyekundu. Wengine wote walikuwa na malaria.

"Leo nini tena, Mama Joram?"

"Kichwa. Na hapa moyo inaruka ruka. Na mwili iko na moto."

"Hiyo ni malaria tu, mama. Imeingia kwa damu." Akamhesabia vidonge vya klorokwini kiganjani, na siku akiwa na huruma zaidi alimdunga sindano, maana sindano ndiyo iliyoheshimiwa.

Klorokwini ilimwasha mwili mzima, akajikuna usiku kucha, na kichwa kikabaki palepale. Lakini tusimcheke. Benchini pale walikuwapo wengi wa namna yake. Palikuwa na mke mdogo aliyepigwa na mumewe, yeye akaonyesha kiuno. Palikuwa na mzee aliyefukuzwa kazi relini, yeye aliumwa na tumbo lisilojulikana limekula nini. Hakuna aliyesema nina huzuni. Nani aende zahanati kusema ana huzuni? Angeambiwa apishe wagonjwa. Kila mmoja alichukua uchungu wake akautafutia kiungo cha mwili, akamletea Wepukhulu kiungo hicho, na Wepukhulu akakipa kidonge. Wepukhulu mwenyewe alikuwa mazishini siku ile. Alishika mpini mmoja wa jeneza, na aliposikia tunda likibingirika ndani wakati wa kuligeuza jeneza, alikohoa kwa nguvu ili watu wasisikie.

Mambo yangeendelea hivyo hivyo kama hangekuja Daktari Mwakio.

Alikuwa Mtaita, kijana, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka hadi watu wa benchini wakanyamaza wamsikilize. Alitoka Nairobi kuchunguza jambo lililowashangaza wengi: alisema kwamba wagonjwa wengi wanaopewa dawa za malaria hawana malaria, wanaumwa na mawazo, na hawapaswi kuona haya, maana ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Tusimwonee. Alisema kweli tupu. Huenda alikuwa mtu wa kwanza kusema hivyo mbele ya benchi lile, na Beldina alipomsikia, alisogea mbele.

Siku ile alikuwa amesindikizwa na Benta. Mzee Ogola alikuwa ameanza kuona haya kwa mke anayezurura barabarani amejishika kichwa, akaagiza asiende peke yake. Na kwa kuwa Daktari Mwakio hakujua Kijaluo, na Kiswahili cha Beldina kilikuwa cha kuuzia samaki, daktari alitazama huku na huku, akamwona mwanamke nadhifu mwenye kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, akafurahi.

"Wewe ni ndugu yake, mama? Vizuri sana. Utatusaidia kutafsiri."

Basi wakaingia chumbani wanne: daktari, Wepukhulu aliyesimama karibu na sinki, Beldina, na wifi yake katikati.

"Mwulize, usingizi unakuja?"

Benta akauliza. Beldina akajibu. "Anasema hapana," Benta akasema, na hiyo ilikuwa kweli.

"Mwulize kama kuna jambo linalomsumbua moyoni. Msiba, labda."

Benta alimgeukia Beldina, na kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini na tabasamu lililokusudiwa daktari, akasema, "Min Joram, kumbuka kaka yangu ana cheo chake. Ukifungua mdomo hapa, unamvua nguo mbele ya watu." Kisha kwa daktari: "Anasema alipoteza kijana yake, lakini alishashukuru Mungu. Sasa ni kichwa tu."

Beldina alielewa Kiswahili cha kutosha kusikia amejibiwa. Aliangalia ule uso mpole upande wa pili wa meza. Tangu mazishi, mamia ya watu walikuwa wamemwambia pole, lakini huyu ndiye wa kwanza kumwuliza. Akajipiga moyo konde. Akamruka wifi yake na kumwambia daktari mwenyewe, kwa kile Kiswahili chake cha sokoni:

"Daktari, hiyo maneno si kweli. Mtoto yangu hakuna ndani ya kaburi. Walizika tunda."

Daktari aliinua macho.

"Tunda, mama?"

"Tunda ya yago. Walivalisha yeye shati ya bluu. Huyu," akamwonyesha Benta, "huyu ndiye alifunga kifungo. Mtoto yangu iko Uganda. Kichwa inauma juu ninyi wote mnasema amekufa, na mimi sijalia, siwezi kulilia matunda."

Alikuwa ameyasema yote. Alihisi kifua kimefunguka, hewa ikaingia hadi chini kabisa. Laiti mambo yangeishia hapo.

Daktari Mwakio hakucheka. Aliweka kalamu chini polepole, na macho yake yakajaa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyommaliza Beldina. Kwao Taita wafu wana desturi zao, lakini hakuna tunda linalovalishwa shati. Alichokiona mbele yake kilikuwa ni mama asiyelala, asiyekula, anayesema kwamba wifi yake alilivalisha tunda nguo likazikwa, na kwamba maiti yuko hai nchi ya jirani. Alikuwa amesoma kuhusu watu wa namna hiyo. Hata hivyo alikuwa mwangalifu, hakutaka kukata shauri haraka. Alimgeukia Benta.

"Mama, samahani kukuuliza hivi. Kwenye jeneza mlizika nini?"

Benta alitazama kitambaa chake cheupe, kana kwamba jibu limeandikwa kwenye pindo. Angeweza kusema. Lakini mbele yake alikaa mtu aliyesoma, mtu wa kabila lingine, ambaye kesho angekwenda Nairobi kusimulia kwamba Wajaluo wanazika matunda. Na nyuma yake lilikuwako kanisa, na kaka, na mchungaji.

"Tulizika mtoto wa kaka yangu," akasema. "Huyu mama, daktari, tangu siku hiyo hayuko sawa. Sisi tunaomba tu."

Daktari akamgeukia Wepukhulu. "Nawe, bwana dresa? Umekaa huku miaka mingi. Umewahi kusikia jambo kama hili?"

Beldina alimtazama Wepukhulu. Aliyashika macho yake na hakuyaachia. Huyu alibeba. Huyu alisikia likibingirika.

Wepukhulu alifungua bomba, akanawa mikono ambayo haikuwa na uchafu. Alikuwa mgeni mahali pale, mwenye kibanda cha kukodi na watoto shuleni. Mgeni haingilii mambo ya wenyeji, hasa ya mzee wa kanisa. "Mimi si mtu wa hapa, daktari," akasema, na akaendelea kunawa.

Hivyo ndivyo Beldina alivyopelekwa hospitali ya mjini, wodi ya wagonjwa wa akili. Hakukokotwa. Alipakiwa kwa heshima, daktari mwenyewe akimfungulia mlango wa gari na kumwambia asiogope, atapona. Benta alilia kwa sauti gari lilipoondoka, na watu wa benchini wakamsifu kwa upendo wake.

Huko alidungwa sindano ambazo hazikuwa mchezo kama za Wepukhulu. Shingo ilikakamaa, ulimi ukawa mzito, mikono ikatetemeka hadi uji ukamwagikia gauni. Ni kweli alilala. Alilala kama gogo, na kichwa kikaamka naye. Kila mara Daktari Mwakio alipopita wodini, swali lilikuwa lilelile, kwa sauti ileile ya upole.

"Mama, kwenye jeneza kulikuwa na nini?"

"Yago."

"Na Joram yuko wapi?"

"Sijui. Uganda, labda."

Daktari alitikisa kichwa kwa masikitiko, na sindano ikaongezwa.

Nesi wa wodi ile, Elsie, alikuwa binti wa Kijaluo, mzaliwa wa Kondele. Jioni moja akimbadilishia shuka alimwinamia na kumwambia kwa lugha yao, "Mama, kwa nini unajitesa? Mwambie kulikuwa na mtu ndani."

"Na wewe unajua kulikuwa na nini."

"Najua. Babu yangu alizikwa hivyo, alizama na meli."

"Basi mwambie daktari."

Elsie alicheka kidogo, cheko la aibu. "Nimwambieje, mama? Atatuona watu wa msituni. Hapa kazini tayari wanatutania." Alikunja ncha za shuka vizuri, akaenda zake.

Beldina alikaa akiliwaza neno hilo. Hasira ilimpanda, akatamani kuipindua wodi nzima kitanda baada ya kitanda, lakini mikono haikumtii. Kisha Benta alikuja kumtembelea, ameleta ndizi mbivu na salamu za kanisa, akamwambia katika mazungumzo kwamba Mzee Ogola ameziba lango la zamani, lile la upande wa ziwa, akaweka miiba. Mwenye nyumba aliona halina kazi tena.

Lango la upande wa ziwa ndilo alilopitia Joram siku zote.

Beldina hakusikia salamu zilizobaki. Aliona mtu aliyekonda, asiye na kucha, amesimama mbele ya miiba akiita mama, na mama hayupo, yuko mjini anatetemeka na kumwaga uji. Ilimpasa kutoka. Ilimpasa kutoka hata kwa uongo, na uongo wenyewe si wake, waliuanza wao. Angeusema kwa mdomo tu. Moyo ungebaki na yake.

Daktari Mwakio alipokuja, alimkuta ameketi wima, amejifunga kilemba.

"Mama, leo niambie. Kwenye jeneza kulikuwa na nini?"

"Mtoto yangu."

Daktari akavuta kiti. "Ulimwona?"

Hilo hakulitazamia. Alidhani neno moja lingetosha, kumbe uongo unahitaji kulishwa. "Nilimwona," akasema.

"Nieleze, mama. Taratibu. Itakusaidia."

Akaanza kueleza. Alisema walimleta kwa mtumbwi, wamemfunika na tanga. Alisema uso ulikuwa umevimba, lakini alimtambua kwa kovu la gotini, alilolipata akiwa mtoto alipoangukia jiko la kukaushia samaki. Alisema alimwosha mwenyewe. Alimwosha mchanga kwenye masikio. Alimtoa majani ya ziwani kwenye nywele, moja moja. Alimvalisha shati la bluu, na kifungo cha juu kikakataa kuingia kwa sababu shingo ilikuwa imevimba, ikabidi akiache wazi, akamwambia, basi, baba, iache tu, hakuna baridi.

Kitu alichokuwa amekikandamiza tangu siku ya mazishi kilipanda chote kwa mara moja, na mdomo wake ukatoa mlio ambao wanawake wa Dunga waliusubiri kando ya kaburi wakaukosa. Alilia hadi wagonjwa wengine wakaanza kulia bila kujua wanamlilia nani. Alijaribu kujizuia. Alijiziba mdomo kwa kilemba, akauma kitambaa, haikusaidia, kwa sababu sasa alikuwa amemwona. Alikuwa amemwosha. Hakuwa na namna ya kumrudisha Uganda.

Daktari Mwakio alimshika mkono, na macho yake mwenyewe yalikuwa na machozi. "Vema, mama," alikuwa akisema. "Vema sana. Sasa umepona."

Wakamruhusu. Daktari akarudi Nairobi na furaha ya haki, maana alikuwa amemponya mtu.

Mzee Ogola alimpokea mkewe bila maneno mengi, na kwa kuona aibu kidogo, au pengine kwa kumwogopa, akamwambia kwamba akitaka, miiba ile ya lango la ziwa itaondolewa.

"Iache," Beldina akasema. "Ni ya nini?"

Alirudi kwenye moshi wake na samaki wake. Jumapili alikaa kanisani safu moja na Benta, na wakati mwingine waliazimana kitabu cha nyimbo. Watu walisema amekuwa mtulivu, na ni kweli alikuwa mtulivu. Mtu akipiga hodi alikuwa hata hainui kichwa.

Mvua za vuli zilipoanza alionekana tena kwenye benchi la zahanati. Wepukhulu alipomwona alishughulika na chupa zake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Zamu yake ilipofika alimwita bila utani, akatazama meza.

"Karibu, Mama Joram. Leo wapi inauma?"

Beldina alimtazama hadi dresa akalazimika kuinua macho.

"Andika malaria," Beldina akasema.

Akamnyoshea kiganja, na Wepukhulu akaanza kuhesabu vidonge.